Klabu Iliyolilia Jina

Siku ile tulikuwa watano. Nawaandika kama walivyokaa, kuanzia upande wa mlangoni. Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, mtu wa miaka themanini na ushee, amevaa makoti mawili na kofia ya mkewe. Wa pili ni huyo mkewe, ambaye mimi humwita mke mwenza, maana kwetu wake wa ndugu huitana hivyo ingawa hatujawahi kuchangia mume wala sufuria. Wa tatu ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anayesoma chuo kikuu hapa Minneapolis na kulala kwangu. Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu hujibu kwa lugha anayoitaka. Wa nne ni dereva, Mkenya wa ghorofa ya chini yetu hapa Brooklyn Park. Hana undugu nasi hata wa kuazima, lakini ana gari la viti kumi na vitano, na hawezi kuona wazee wamesimama kwenye theluji akapita. Wa tano ni mimi.

Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na ya mama waliowazaa baba zao. Niliishia darasa la nne lakini majina hayanipotei. Mjukuu wangu amesema nisiyaweke, kwamba huku mtu haandikwi kitabuni bila kutia sahihi. Basi sitawakimbiza wazee na kalamu mkononi. Nitawataja kwa undugu wao, inatosha.

Tulikuwa msibani. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu na wa huyu shemeji, alifia kijijini, simu ikatufikia alfajiri. Watu wa kijiji chetu walioko Minnesota nzima hatuzidi kumi na mmoja, na siku hiyo wale wa Blaine walikuwa wamefungiwa ndani na theluji, magari yao yamezikwa hadi madirishani. Sisi wa Brooklyn Park tukaenda kwenye kanisa linalotuazima chumba, kule Brooklyn Center. Tukakuta bomba limepasuka, maji yameganda sakafuni, na miguu ya viti imeshikwa na barafu. Mke mwenza akajaribu kung'oa kiti kimoja. Kikatoka mgongo peke yake, akabaki ameushika kama ngao.

"Basi turudi nyumbani," nikasema.

"Nyumbani kwa nani?" shemeji akauliza. "Kwangu vyumba viwili, na jirani wa juu ameshagonga sakafu mara tatu tangu asubuhi. Dada yangu haombolezwi kwa kunong'ona."

Dereva akakuna kidevu. "Mzee, mimi najua place moja. Kuna joto, kuna viti, na kelele ya huko hakuna mtu anauliza ni ya nani."

Ndivyo tulivyoingia kwenye ukumbi wa bolingi, na picha ya marehemu nimeikumbatia kifuani.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kuna njia ndefu ya mbao inayong'aa kama meza ya harusi. Mwisho wake vimesimama vigingi kumi vyeupe, vyenye shingo kama chupa. Unavirushia tufe zito lenye matundu matatu ya vidole, uviangushe. Pembeni mwa njia kuna mifereji miwili, na tufe likitumbukia humo limekwenda bure. Nyuma ya njia kuna viti vizuri vya kuzunguka mviringo, na hivyo ndivyo tulivyovitaka sisi. Lakini bibi wa kaunta, mwenyeji mwenye nywele nyeupe na miwani ya kamba, akasema hakai mtu pale bila viatu vya mchezo. Basi tukaomboleza kwa viatu vya kukodi, nusu vyekundu nusu bluu, vyenye namba kisiginoni. Cha shemeji cha kulia kilikuwa kumi, cha kushoto kumi na moja. Hakulalamika, alikuwa amefiwa.

Tuliimba, tukasali, mke mwenza akahutubia maisha ya marehemu. Kila tulipofikia mahali pa kulia, njia ya jirani walipiga vigelegele na kupongezana viganja. Kisha bibi wa kaunta akaanza kututazama sana. Mjukuu wangu akasema anatutazama kwa sababu tumeshika njia na hatuchezi.

"Nitarusha moja ili atuache," akasema mke mwenza. Akainuka, akashika tufe kwa mikono miwili, akainama, akalisukuma kati ya miguu yake kama mtu anayetoa mtungi chini ya kitanda. Tufe likaenda polepole, ungeweza kuchemsha chai. Tukaacha kulia tukaliangalia. Likafika, likagusa kigingi cha mbele kama linaomba radhi, na vyote kumi vikalala.

Mungu anisamehe, nilipiga kigelegele. Msibani! Picha ya wifi yangu iko mapajani, na mimi nimepiga kigelegele cha harusi. Nikaziba mdomo kwa kanga. Tukamgeukia shemeji, tukijua leo tutasemwa.

Akafuta machozi kwa kofia ya mkewe. "Tena," akasema.

Kwetu msiba huisha siku ya arobaini. Wetu ulipita arobaini, ukapita hamsini, na kila Jumamosi mchana bado tulikuwa tunaomboleza, dereva akiwa wa kwanza kupiga honi chini ya dirisha. Wa Blaine nao walipofukuliwa wakaja na watoto wao. Lakini tangu tufe lile la mke mwenza hakuna aliyeangusha vigingi vyote tena. Mfereji, mfereji, mfereji. Nilidhani mfereji ndio mchezo wenyewe.

Hapa lazima niseme habari ya jina, la sivyo utadhani yaliyofuata ni wendawazimu.

Baba mkwe wangu, yaani baba yake mume wangu, na shemeji, na wifi, alikuwa na majina mawili. La ubatizo aliletewa na wamisionari, limo kwenye pasipoti zetu zote, na hilo unaweza kulitaja kama unavyotaja chumvi. La nyumbani alipewa na bibi yake, nalo halijaandikwa popote. Hilo ndilo lenye mwiko. Sisi wake wa wanawe hatulitaji. Nimeolewa miaka hamsini na zaidi sijalitamka hata kwenye homa. Wanawe wa kiume nao hawalitaji, maana mwana akimwita baba yake kwa jina hilo ni sawa na kumwita barazani wakashtakiane. Wenye ruhusa ni binti zake, wajukuu na vitukuu. Kwetu wajukuu ndio hasa, humpigia babu yao kelele mchana kutwa, "Wewe fulani, mbona hujanawa uso?" na mzee anacheka, ni utani wao.

Sasa hesabu nami. Binti alikuwa mmoja, huyo wifi, naye hakuzaa. Watoto wetu walizaliwa mzee ameshakufa, na wajukuu wetu wamezaliwa huku au wamekuja wakiwa mgongoni, wote hawajawahi kulisikia, kwa sababu nyumbani mwao nani angelitamka? Wifi alipofumba macho, jina lilibaki katika vinywa vitatu vilivyofungwa: cha shemeji, cha mke mwenza, na changu. Na sisi watatu ukitujumlisha miaka ni zaidi ya mia mbili na thelathini.

Shemeji aliliona hilo kabla yetu. Jumamosi moja, viatu mguuni, akasema pole pole bila kututazama, "Mmemheshimu baba mpaka amepotea."

"Si sisi tulioweka mwiko," mkewe akamjibu.

"Sijasema ninyi. Nimesema amepotea."

Tangu siku hiyo nilijua anachokitaka. Alitaka jina la baba yake lisikike kabla yeye hajafunga macho. Hakuwa na kingine.

Basi bibi wa kaunta akatuita. Akamweleza mjukuu wangu kwamba Jumamosi zote za baridi sasa ni za klabu zilizoandikishwa. Kama tunaitaka njia yetu, tujaze fomu, watu watano na jina la klabu, kabla ya Jumamosi inayofuata. Sisi wa Brooklyn Park tulitimia watano, tukimhesabu Mkenya.

"Nimekuwa mtu wa kijiji chenu?" akauliza.

"Tangu ulipokula makande yetu," nikamwambia.

Jina ndilo halikuwepo. Dereva akatoa majina ya wanyama wakali, simba na chui. Mjukuu wangu akatoa moja la Kiingereza lenye maana ya radi. Shemeji akatikisa kichwa. "Ninyi hamjaona? Hii klabu inalia. Tangu izaliwe inalia."

Mimi na mke mwenza tukaelewa papo hapo. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, hana homa, hana njaa, tunajua analilia jina. Kuna mtu aliyekufa anataka kurudi kupitia yeye. Bibi mmoja mwenye kumbukumbu huketi akataja majina ya marehemu, moja moja, na lile litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake. Nimewaita majina watoto wengi. Ila sijawahi kuliita jina tufe.

"Shemeji," akaniambia, "wewe ndiye mwenye kumbukumbu. Taja. Mjukuu wako arushe. Jina litakaloangusha vigingi vyote ndilo la klabu."

Mjukuu wangu akasema kwa Kiingereza chake kwamba hiyo si sayansi. Lakini alikuwa ameshachagua tufe.

Nikaketi, nikakunja mikono, nikaanza. Nikamtaja mfua chuma wetu: vigingi sita. Nikamtaja mzee mmoja aliyekuwa mvivu hata wa kufukuza nzi, na nyote mlioko Blaine ni mashahidi, lile tufe lilisimama katikati ya njia. Likasimama tu! Bibi wa kaunta akaja na fimbo ndefu kulisukuma, akasema miaka yote aliyofanya kazi pale hajaona. Nikamtaja mama mmoja mgombanishi aliyevunja ndoa nne, yake ikiwa mojawapo. Vikabaki vigingi viwili, kimoja ukingo huu, kimoja ukingo ule.

"Wueh, shosho," dereva akasema, maana kwao bibi huitwa hivyo, "huyu hata akiwa marehemu bado anatenganisha watu?"

Nikamtaja wifi yangu tuliyekuwa tunamlilia. Vigingi tisa. Cha kumi kikayumba, kikazunguka, kikasimama tena. Hakutaka. Alikuwa hivyo hivyo, mtu wa kukataa cheo.

Niliwataja marehemu ishirini na saba. Mkono wa mtoto ulikuwa umechoka. Nikakunjua mikono.

"Umemaliza?" shemeji akauliza.

"Nimemaliza."

"Bado mmoja."

Mke mwenza akaanza kufunga kamba za viatu vyake vilivyokwisha kufungwa.

"Shemeji, unajua siwezi," nikasema. "Nisitiri."

"Sijasema mtaje kwa mdomo. Mkumbuke tu. Mkumbuke kwa nguvu, mtoto arushe."

Nikafumba macho. Nikamkumbuka mzee wa watu na jina lake lote, herufi kwa herufi, nikaliweka nyuma ya meno na kuuma meno. Nikainua mkono kumwashiria mtoto. Nikasikia tufe likibiringika, kisha mshindo, kisha kimya, halafu dereva akipiga kelele kwa lugha yao ya kwao ambayo siijui. Nilipofumbua macho hapakuwa na kigingi hata kimoja kilichosimama.

Shemeji alikuwa amekaa chini, sakafuni kabisa, na kile kiatu namba kumi na moja kimemtoka. "Amekubali," akasema. "Baba amekubali." Tukampeleka chooni akanawe uso, dereva akamshika mkono.

Huku nyuma, mimi, mke mwenza na mjukuu tukasimama mbele ya kaunta na fomu. Bibi wa kaunta akashika kalamu, akauliza klabu inaitwaje. Mjukuu wangu akanigeukia.

"Bibi, jina?"

Nikamtazama mke mwenza. Mke mwenza akatazama dari.

"Niambie mimi tu sikioni," mtoto akasema.

"Sikioni ni wapi? Sikio nalo si mahali pa watu?"

"Basi niandikie."

"Mkono ni mdogo wake mdomo," mke mwenza akamjibu. "Mkubwa akikatazwa, mdogo naye hapiti."

Mjukuu akawa anabahatisha, eti mimi nitikise kichwa akipata. Akataja majina ya kiume yote ya Tanzania aliyowahi kuyasikia, mpaka la waziri mmoja na la mchezaji wa mpira. Mke mwenza akanishika shingo ili nisitikise, kwamba kutikisa pia ni kusema. Watu wakawa wamepanga foleni nyuma yetu wameshika viatu. Bibi wa kaunta, kwa wema tu, akauliza basi huyo mtu ni nani kwenu. Hilo halina mwiko. Mjukuu akamwambia, akamwandikia kabisa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.

Shemeji alipotoka chooni, uso umetakata, amejitengeneza kola, skrini juu ya njia yetu ilikuwa imewaka: BABA MKWE.

Akaisoma. Akaisoma tena. "Huyo ni nani?"

"Ni yeye," nikasema.

"Kila mwanamke aliyeolewa ana baba mkwe. Huyu bibi wa kaunta naye anaye. Hicho ni cheo, shemeji. Mmempa baba yangu cheo!" Akavua viatu, akaenda kukaa ndani ya gari, injini imezimwa, mpaka tulipomaliza.

Jumamosi tatu hakuja. Klabu ya Baba Mkwe ilicheza na wazima moto waliostaafu, ikafungwa. Ikacheza na kina mama washona mablanketi, ikafungwa vibaya zaidi, na mmoja wao alikuwa na mkono kwenye bandeji. Mke mwenza aliniambia mzee hali vizuri, anakaa dirishani akitazama maegesho ya magari. Mkono mmoja umekunjwa, mdomo unacheza bila sauti. "Analitaja," akasema. "Analitaja ndani ndani, kama mtu anayejaribu ufunguo."

Mjukuu wangu ndiye aliyeuliza swali tulilopaswa kujiuliza sisi. Tulikuwa tunakunja nguo. "Bibi, huo mwiko hauna njia ya kuondolewa?"

Nikaacha shuka. Njia ipo! Ipo siku zote, ila niliisahau, na mimi husema sisahau. Baba mkwe akiridhika na mkaza mwana wake humpa mbuzi. Mwanamke akishampokea, mdomo wake umefunguliwa, anaweza kumtaja mzee kwa jina maisha yake yote. Wengi huwa hawapewi, wazee ni wabahili. Wangu mimi alikusudia kunipa, mume wangu aliniambia, lakini mbuzi mwenyewe alikula mahindi ya mbegu ya jirani, likazuka shauri, na kabla shauri halijaisha mzee akafa.

Nikampigia shemeji simu. "Baba akiwa hayupo, mwanawe aliyebaki anasimama mahali pake?"

Nikasikia akivuta kiti. "Anasimama," akasema. "Shemeji, huku mbuzi wanauzwa wapi?"

Dereva alijua. Kuna mfugaji mmoja mbele ya Blaine, unapita nyumba mpya mpya mpaka nyumba zinaisha, ambaye Wakenya humwendea wakiwa na sherehe. Tukaenda watano. Mfugaji alikuwa mrefu, ndevu zimeganda, akauliza mbuzi amchinje vipi. Dereva akamwambia huyu hachinjwi. Akauliza basi ni wa kufuga. Dereva akamwambia hafugwi pia, anapokewa tu. Mfugaji akasema sawa, akaegemea uzio aone.

Kupokea kwenyewe ni hivi. Mzee hushika shingo ya mbuzi, na mwanamke hupiga magoti akaipokea ncha ya kamba kwa meno, kwa sababu ni mdomo unaofunguliwa. Kisha mzee huachia shingo, na mbuzi anakuwa mkononi, yaani mdomoni, mwa mwanamke. Ni jambo la haraka. Kwetu wanaolifanya ni wanawake wa miaka thelathini.

Mke mwenza akaanza. Yeye meno yake yote ni ya Mungu, na hakuacha kututajia hilo njia nzima. Akapiga magoti kwenye theluji, akauma, shemeji akaachia, mbuzi akatulia kimya akimtazama kama anamfahamu. Imekwisha.

Zamu yangu, mbuzi yule yule. Meno yangu mimi ya juu ni ya hospitali. Nikauma kamba. Shemeji akaachia. Wakati huo huo mfugaji akapiga chafya, mbuzi akaruka kuelekea ghalani, na meno yangu yakaondoka naye.

Usinicheke. Au cheka, wao walicheka. Dereva alikimbia nyuma ya mbuzi, mfugaji nyuma ya dereva, na kamba inaburuzika kwenye theluji na meno yangu yameing'ang'ania kuliko nilivyoing'ang'ania mimi. Walipomkamata, likazuka shauri.

"Haikukubali," mke mwenza akasema. "Meno yaliyopokea si yake."

"Nimeyavaa miaka sita!" nikasema, ingawa sidhani yalisikika hivyo.

"Ya hospitali ni ya hospitali."

"Ngoja kidogo," dereva akasema akiwa anahema. "Huyo mzee aliyekufa alitaka kufungua meno ama mdomo? Kama ni mdomo, angalieni wa shosho. Uko wazi vile hakuna mdomo umewahi kuwa wazi."

Shemeji alinitazama hapo nilipopiga magoti, na mdomo wangu mtupu. Akaja, akanishika mabega, akaniinua. "Umefunguliwa," akasema. Sauti ilikuwa ya kaka yake, na ya baba yao. "Shemeji, mtaje."

Sikuwa na meno, na midomo ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi. Nikalitaja. Miaka hamsini! Lilitoka dogo, na moshi wa pumzi, kama kitu kilichohifadhiwa mahali pa joto. Mke mwenza akalitaja baada yangu, akaanza kulia. Mjukuu wangu akalisema mara mbili, pole pole, akaniuliza kama amelipatia. Alikuwa amelipatia. Dereva akalisema. Hata mfugaji, pale kwenye uzio, alilijaribu, akaliharibu kabisa, na shemeji akamrekebisha kwa upole, mara tatu, kwa kumtamkia tu silabi moja moja bila kuziunganisha, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bado ni mwana na mwiko wake haukuwa na mbuzi.

Na ukiniuliza kwa nini siliandiki hapa, nitakwambia: mbuzi yule alikuwa wa mdomo. Mkono haukutajwa. Nilimuuliza shemeji, akasema kwa mkono itabidi turudi kwa mfugaji, na mfugaji kaomba tumpe muda.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwenyewe kaunta, meno yameoshwa na maji ya moto, nikamwambia bibi wa kaunta jina la klabu kwa sauti ambayo walinisikia mpaka kwenye mashine za peremende. Mjukuu wangu akamwandikia. Skrini ikazimika, ikawaka, na lilikuwa pale, jina ambalo bibi mmoja alimpa mjukuu wake kijijini, juu ya vigingi kumi, linamulikwa kwa taa za kijani na zambarau.

Shemeji alikuja. Alikaa nyuma, hakuvua koti hata moja. Watoto wa Blaine walikuwa wamejaa. Kale kadogo ka miaka saba, kitukuu wa ukoo, kakarusha tufe likaingia mfereji, kakageukia skrini kakapiga kelele, "Wewe!" na jina, jina zima, "mbona unalala?" Wenzake wakaangua kicheko, wakaanza wote kumkaripia mzee kwa jina lake, kwa Kiingereza na Kiswahili, kila tufe lilipopotea. Na yalipotea mengi.

Mke mwenza alitaka kuwanyamazisha. Nikamzuia.

Kale kadogo kakaja mbele ya shemeji, kakamuuliza kwa Kiingereza kwamba huyo mtu alikuwa nani hasa. Mjukuu wangu akafungua mdomo atafsiri, lakini shemeji alikuwa ameshaelewa. Akasogea kwenye kiti, akakapa nafasi.

"Alikuwa mfupi," akasema. "Alikuwa mwizi wa asali. Siku moja nyuki walimfukuza mpaka kanisani, akaingia nao katikati ya ibada." Watoto wakaacha matufe wakaja. Klabu ikapoteza zamu zake nne mfululizo kwa kutokuwepo mtu wa kurusha, na kina mama washona mablanketi wakapewa ushindi wamekaa. Shemeji hakusita hata kidogo, aliendelea mpaka bibi wa kaunta alipokuja kudai viatu.

Hivyo ndivyo ilivyoanza klabu yetu na ndivyo ilivyopata jina. Wa Blaine, kama nimekosea kusema mlifukuliwa lini, au kama tufe la mvivu lilisukumwa kwa ufagio wala si kwa fimbo, niambieni nitafuta. Mke mwenza anadai wifi aliangusha vigingi vinane, mimi nasema tisa. Aliyekuwepo akahesabu atuamue. Na kama kuna marehemu wa kijijini niliyemruka siku ile katika wale ishirini na saba, aje aniambie nani, hata kama ni usiku, nitamwomba radhi na kumrushia lake.